Wanafunzi Ishirini wa Uhandisi wa Kibiolojia

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wa Watanzania, na hasa wakazi wa Dodoma, Kondoa na vitongoji vyake, kwamba Shahada ya Uhandisi wa Kibiolojia katika chuo chetu ipo, inapumua na haijafutwa. Wanaosema imefutwa ni wazushi. Wanaosema sisi viongozi wake tumefukuzwa hawajui lugha ya kiofisi. Sisi tumehitimisha uwepo wetu chuoni kabla ya muda.

Mimi ni Respicius, Mratibu wa Kitengo cha Uwiano, Ulinganifu na Takwimu za Wanafunzi. Chuo chetu ni Chuo Kikuu cha Sayansi Tekelezi cha Nyanda za Kati, njia ya kwenda Hombolo. Ukishapita mashamba ya zabibu utaliona lango. Ni kubwa kuliko jengo lolote lililoko nyuma yake, kwa kuwa tulianza kujenga lango. Ndilo linalopigwa picha.

Shahada hii aliileta Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Stanley, aliyerudi kutoka kongamano la ng'ambo akiwa na begi lenye nembo na wazo moja. Akatuuliza kikaoni: "Tunao wahandisi wa barabara, wa maji, wa umeme. Je, nani anashughulikia uhandisi wa viumbe?" Mjumbe mmoja ambaye ni shehe alikohoa. Kikohozi chake kikaandikwa kwenye muhtasari kama kuunga mkono hoja.

Takwimu za kijitabu cha matangazo niliziandaa mimi. Wanafunzi mia na ishirini; wanawake nusu; waliotoka vijijini asilimia sitini; wageni kutoka nje asilimia kumi. Nilizipata kwa njia ya kisayansi, yaani nilitazama za vyuo vingine nikaongeza kidogo.

Ada nayo ilipangwa na kamati yangu. Masomo, milioni mbili na nusu. Maabara, laki nane, ingawa maabara yenyewe ilikuwa bado ni chumba. Ikafuata ada ya mazingira, ada ya mwonekano wa chuo, maana yake lango, ada ya mitihani, na ada ya kutaarifiwa kwamba kuna mitihani. Jumla ikawa milioni nne, laki nane na elfu sabini kwa mwaka. Wahenga walisema rahisi ni ghali, nasi tukahakikisha si rahisi.

Walioripoti walikuwa kumi na mmoja. Kabla ya Krismasi, kumi walikuwa wamekula kona. Saba walihamia Uhasibu, wawili wakafungua saluni Makole, na mmoja alirudi kwao kuuza alizeti. Akabaki binti mmoja, Hamida Bashiri, wa kijiji cha Busi, Kondoa.

Hapo ndipo kitengo changu kilipong'ara. Katika taarifa ya robo mwaka niliandika: wanawake, asilimia mia moja. Waliotoka vijijini, mia moja. Watoto wa wakulima, mia moja. Mahudhurio, mia moja, isipokuwa wiki aliyougua malaria, ambapo yalishuka hadi sifuri kisha yakapanda kwa kasi ya kutia moyo. Hakuna chuo Afrika Mashariki kilichotukaribia. Nilichora hata mchoro wa duara, ukatoka wote rangi moja.

Lakini mtaalamu hafurahii tu. Nilibaini pengo la kutisha: wanaume walikuwa sifuri. Tukafungua Dawati la Kumwinua Mwanafunzi wa Kiume, likapata gari, dereva na fulana mia mbili. Mwanafunzi wa kiume halikumpata, ila fulana zilikuwa nzuri na hadi leo nalala na moja.

Mambo yalikuwa hivyo hadi ilipokuja barua ya wakaguzi wa vyuo. Ilisema wangefika baada ya wiki tatu, mwanzoni mwa muhula wa pili, na ikatukumbusha kanuni: shahada isiyo na wanafunzi ishirini darasani inafutwa, na waliomo wanahamishiwa kozi nyingine, waanze upya mwaka wa kwanza.

Siku ya pili yake Hamida akaingia ofisini kwangu. Ni binti mwembamba, mtandio wake haukai kichwani akiwa na haraka, na huwa na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una miadi?"

"Nimekuta mlango uko wazi."

"Mlango kuwa wazi si miadi. Haya, sema."

"Nasikia kozi yangu inafutwa."

"Haifutwi. Inasitishwa kwa muda usiojulikana."

"Na mimi?"

"Utahamishiwa Utunzaji wa Kumbukumbu. Mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza nimeshaulipia, mzee. Baba kauza maksai wawili, ndio hao hao wa kulimia. Sasa hivi analima kwa jembe la mkono, na umri wake sitini na moja. Hana tena cha kuuza."

Nilimweleza kuwa Utunzaji wa Kumbukumbu una viti vya kuegemea. Akatikisa kichwa.

"Mzee, unajua kwa nini nilikuja kusoma hivi vitu? Mwaka ule wa sumukuvu tulikula ugali wa mahindi yaliyoota ukungu ghalani. Hatukujua, tuliyapeta tu tukasaga. Mdogo wangu Nasra alianza kutapika Jumanne. Macho yakawa njano. Ijumaa tukamzika. Alikuwa na miaka saba. Mwalimu wangu Dokta Dilnaz anasema kuna kuvu wasio na sumu, ukiwatia shambani wanawabana wale wabaya wanakosa pa kukaa. Mimi nataka niwapate wa udongo wa kwetu. Basi. Siwezi kuwapata kwenye Utunzaji wa Kumbukumbu."

Nina binti wa umri huo wa Nasra, na moyo uliniuma kwelikweli. Nilitafuta kwenye fomu yangu kipengele cha kuandika jambo lile, sikukiona, nikamwambia Hamida suala lake linafanyiwa kazi. Aliitikia "asante" kwa sauti ya mtu aliyewahi kuambiwa hivyo mara nyingi.

Na kweli lilifanyiwa kazi. Kamati ya Dharura ilikwenda kukaa Morogoro siku tano, kwa kuwa Dodoma haina utulivu wa kufikiri. Siku ya nne, baada ya mbuzi, Afisa Itifaki wetu, Bi Salma, alitoa wazo.

"Kwenye zile sahani za maabara za Dokta Dilnaz kuna vimelea mamilioni. Wapo darasani kila siku, tena ni wa kibiolojia. Kwa nini tusiwahesabu?"

Profesa Stanley akaweka mfupa mezani.

"Jinsia yao?"

"Hawana, Profesa."

"Basi wataniharibia uwiano. Hapana."

Tukarudi Dodoma na maazimio kumi na manane, lakini bila mwanafunzi hata mmoja wa kuongeza.

Siku ya wakaguzi ikafika. Ukumbi ulipambwa, maji ya chupa yakapangwa, jukwaa likafunikwa kitambaa. Dokta Dilnaz, mhadhiri pekee wa shahada hiyo, ambaye kwao wana duka la vitambaa hapo mjini lakini kitambaa cha jukwaa alikataa kutupunguzia bei, alikuwa amemwagiza Hamida jambo moja tu. Akiwa kiongozi wa darasa, alete Fomu ya Usajili wa Darasa ili wakaguzi waione. Hamida alijaza jina lake mstari wa kwanza, akaiweka fomu mezani karibu na mlango, na kalamu juu yake. Kisha akakaa pembeni.

Msomaji asiye mtumishi wa umma naomba anielewe hapa. Kwetu, karatasi iliyowekwa mezani karibu na mlango wa ukumbi, yenye safu ya jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na saini, ni karatasi ya mahudhurio. Na penye mahudhurio pana posho. Hatuisomi, kama vile mtu hasomi sahani kabla ya kupakua wali. Mkono unakwenda wenyewe.

Bi Salma ndiye aliyetangulia.

"Hii ni ya leo?" akamwuliza Hamida.

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni ya leo."

"Nipe kalamu."

Akasaini. Kisha akamsainia na Mudrick wa Manunuzi, aliyekuwa Makole akiziba pancha, kwa sababu kusainiana ni utu. Wakafuata wakurugenzi, wakuu wa idara na mwenyekiti wa Dawati la Kumwinua Mwanafunzi wa Kiume. Profesa Stanley alipofika alikuta nafasi ya kumi na nne, akalalamika kwa nini meza kuu haina karatasi yake. Hata hivyo alisaini, na akaandika namba mbili za simu kwa usalama. Mstari wa ishirini niliujaza mimi, nikiwa nimechelewa kwa kuhesabu chupa za maji. Chini ya mstari wangu palikuwa na maandishi madogo. Sikuwa na miwani, wala sikuwa na sababu ya kuivaa.

Kiongozi wa wakaguzi, Bi Tabu, alikuwa mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Profesa alianza hotuba ya kumkaribisha. Dakika ya kumi na saba, Bi Tabu akainua mkono.

"Asante, Profesa. Wanafunzi wako wapi?"

Mimi jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Hamida akasimama, akatengeneza mtandio, akapeleka fomu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Orodha ya darasa ni hii hapa."

Bi Tabu aliisoma. Aliisoma juu, katikati na chini, kisha akaigeuza akasoma nyuma. Katika miaka yangu ishirini na miwili ya utumishi sijapata kuona mtu anasoma nyuma ya fomu. Akabadilisha miwani, akamtazama Profesa.

"Hii ni saini yako?"

"Yangu kabisa!" alisema Profesa kwa tabasamu. Swali lile tulilizoea. Huulizwa na wahasibu kabla ya kulipa.

"Na umesaini kwa hiari?"

"Kwa hiari na kwa moyo mkunjufu."

"Na hawa wengine?"

"Sote!" tukaitikia kwa pamoja, na mimi nikiwemo. Bi Salma akaitikia mara mbili, kwa ajili ya Mudrick.

Bi Tabu akapiga fomu picha kwa kishikwambi chake, akaingiza majina yote kwenye mfumo, akasubiri. Kisha akasema, "Mfumo umekubali. Ishirini kamili. Kozi inaendelea. Na niseme, nimefurahi. Elimu haina mwisho."

Tulipiga makofi. Nilimwona Hamida ameficha uso kwenye mtandio, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Sasa sina hakika.

Tulikuwa kwenye pilau simu zilipoanza kulia, karibu zote kwa wakati mmoja. Profesa alifungua ya kwanza kwa furaha, akijua posho imeingia. Akasoma kwa sauti: "Ndugu mwanafunzi, hongera kwa kusajiliwa Uhandisi wa Kibiolojia mwaka wa kwanza. Unadaiwa ada shilingi milioni nne, laki nane na elfu sabini. Lipa kwa kumbukumbu namba..." Simu yake ya pili ikalia, ikamwambia hivyo hivyo.

"Nani kapanga ada hii?" akauliza, kijiko kikiwa hewani.

Nilitazama pilau yangu.

Mtu wa kompyuta alituambia mfumo haufuti jina, unaongeza tu, tuliununua hivyo. Tukamwandikia Bi Tabu barua ndefu kueleza kwamba kumetokea kutoelewana kwa kiutaratibu. Alijibu kwa mistari mitatu. Kama ni wanafunzi, someni. Kama si wanafunzi, basi mlinidanganya kwa saini kumi na tisa mbele ya mashahidi, na maelezo mtayatoa polisi. Chagueni.

Tukachagua elimu. Ada ikaanza kukatwa kwenye mishahara.

Kipindi cha kwanza kilikuwa saa moja asubuhi. Tulifika saa mbili na nusu, kwa mujibu wa vyeo vyetu, tukakuta mlango umefungwa. Siku ya pili tuliwahi. Dokta Dilnaz alifundisha saa mbili mfululizo bila kumtambua mgeni rasmi. Profesa akanyoosha mkono.

"Dokta, chai ni saa ngapi?"

"Chai ni ya mikutano, Profesa. Hapa ni darasani. Tafadhali, sema kazi ya ukuta wa seli."

Profesa alisema ukuta wa seli ni mdau muhimu. Hamida, aliyekaa mbele, aliandika kitu kwenye daftari lake kwa umakini sana, kichwa chini.

Wiki ya pili tukaenda maabara. Tuliikuta na meza, sinki lisilo na maji na zile sahani za vimelea ambazo Dokta Dilnaz alizinunua kwa fedha zake.

"Hadubini iko wapi?" Profesa aliuliza kwa hasira. "Nakatwa laki nane za maabara! Laki nane! Hadubini iko wapi?"

"Zilinunuliwa mwaka juzi, Profesa," alisema Dokta Dilnaz. "Zilikuwa sita. Kuna hati ya kuzipokea, ina saini yako."

Sote tukamgeukia Mudrick wa Manunuzi, ambaye aligundua ghafla kwamba pancha yake ya Makole haikuzibwa vizuri.

Kwa miaka miwili Hamida aliandika barua kumi na nne kuomba hadubini... nisahihishe, kwa miezi saba. Kwa jinsi zilivyokuwa nyingi zilionekana za miaka miwili. Barua zote ninazo, nilizipanga kwa tarehe. Baada ya Makamu Mkuu wa Chuo kuanza kukatwa laki nane, hadubini sita zilifika ndani ya siku tisa. Maji ya sinki yalitoka siku ya kumi. Kisha tukaitisha kikao cha ada, hapa hapa Dodoma, bila chai, kikachukua dakika thelathini na tano. Ada ya mwonekano, ikafutwa. Ada ya kutaarifiwa mitihani, ikafutwa, na Profesa akaita ni wizi. Jumla ikashuka hadi milioni moja na laki mbili. Kila aliyezidisha akarudishiwa, na baba yake Hamida akanunua maksai mmoja.

Ningependa kuandika kwamba tulisoma kwa bidii. Hamida alijitolea kutufundisha kila Jumamosi, bure. Jumamosi ya kwanza tulimwuliza kama kuna nauli. Akasema hakuna. Jumamosi ya pili alikaa peke yake na chaki yake hadi adhuhuri.

Mtihani ulikuja na swali la kwanza la alama arobaini: "Eleza jinsi kuvu wasio na sumu wanavyowazuia kuvu wenye sumu shambani." Profesa Stanley aliandika kurasa sita kuhusu kuwaweka kuvu wote meza moja. Mimi niliandika asilimia zao. Bi Salma alianza kwa kuwatambua waliohudhuria, kwa vyeo, na muda ukaisha akiwa bado kwa wakuu wa idara.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Hamida Bashiri, alama A masomo yote. Sisi kumi na tisa, kwa lugha ya wanafunzi, tulidisco, yaani tulifeli hadi masomo yetu yakakatishwa. Hata marudio hatukupewa.

Ndipo tulipoletewa nakala za Kanuni ya Arobaini na Moja, ambayo niliiandika mimi na Profesa akaisaini. Inasema mwanafunzi aliyedisco ataondoka eneo la chuo ndani ya saa ishirini na nne, hataingia tena kwa miaka miwili kwa sababu yoyote ile, wala hatasikilizwa langoni. Tuliitunga enzi zile wazazi walipokuwa wakija kulia nje ya ofisi zetu. Kelele zao zilikuwa zinavuruga vikao.

Asubuhi iliyofuata Profesa alifika na gari lake, akakuta lango limefungwa. Petro, mlinzi, alikuwa na orodha yenye picha.

"Fungua," alisema Profesa. "Hunijui mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee wangu. Wewe ni namba kumi na nne."

"Nina ofisi humo ndani!"

"Pole sana, mzee. Kanuni inasema nisikusikilize."

Baraza la chuo likamteua Dokta Dilnaz kukaimu nafasi ya Profesa. Kwa ada mpya na hadubini, muhula huu wamesajiliwa wanafunzi sitini na watatu. Sijui uwiano wao. Nimeomba takwimu kwa barua, nikajibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi.

Jana nilikuwa nje ya lango na Profesa, kwenye viti tulivyoazima kwa mama wa chapati, tukisubiri. Rufaa yetu ina kurasa kumi na moja, na kwa utaratibu lazima kiongozi wa darasa athibitishe kwa saini kwamba tulikuwa wanafunzi wenye nidhamu na bidii. Saa nne Hamida akashuka kwenye basi la kutoka Busi na mifuko minane ya udongo, kila mmoja na jina la shamba. Mmoja ulikuwa umeandikwa Nasra.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti yetu," alisema Profesa, na sijawahi kumsikia akimwita mtu hivyo. Akampa rufaa na kalamu, akamwonyesha mahali. "Weka saini hapa tu, mwanangu. Hapa chini."

Hamida aliweka mifuko yake chini taratibu. Akazipokea zile karatasi kwa mikono miwili. Kalamu akairudisha.

"Niachieni nikaisome."

"Yote?" aliuliza Profesa.

"Yote, mzee. Na nyuma."

Petro akamfungulia lango, akamsaidia mifuko. Niliona aibu, naandika hivyo kwa kuwa hakuna kamati ya kunizuia. Niliona aibu hadi nikashindwa kumalizia chapati. Lango lilipofungwa, Petro alirudi kwetu kwa adabu, akatuomba tusogeze viti juani, kwa sababu kivuli cha lango nacho ni eneo la chuo.